Dinari Zisizo na Mnunuzi

Sarafu inayonikalisha mezani kuliko zote ni ile ambayo hakuna mtu angeinunua. Kazi yangu ni kutambua sarafu za fedha za Kirumi zinazochimbuliwa mashambani Uingereza na kuziandikia kumbukumbu. Fungu likiletwa, waliopo wote wanataka kuona ile yenye sura kali ya Kaisari, nywele za ndevu zikihesabika. Mimi huanza na zilizolainika.

Sarafu yenyewe ni dinari, ile ile waliyolipwa vibarua wa shamba la mizabibu katika Injili. Rumi ilianza kuipiga mnamo mwaka 211 KK, ikadumu zaidi ya karne nne. Enzi za Augusto ilikuwa karibu fedha tupu, na uzito wake gramu 3.9 hivi. Mwaka 64 BK Nero akaipunguza uzito pamoja na fedha iliyomo. Septimius Severus, aliyekuwa na majeshi ya kulisha, akaishusha hadi fedha ikawa karibu nusu tu, iliyobaki shaba. Basi mtu aliyefukia akiba yake miaka ya 220 alikuwa na sarafu za jina moja, zinazopokelewa sokoni kwa thamani moja, lakini ndani hazilingani hata kidogo. Na watu walilijua hilo. Dinari njema ziliyeyushwa au zikafichwa, mbaya zikaachwa zizunguke.

Ndiyo maana napenda dinari za Marko Antonio. Alizipiga kwa ajili ya askari wake kabla ya kushindwa katika vita vya Actium mwaka 31 KK: upande mmoja merikebu ya makasia, upande wa pili tai wa jeshi katikati ya bendera mbili, na chini namba ya kikosi. Zilikuwa na shaba nyingi kuliko dinari nyingine za wakati ule, na hapo ndipo zilipopona. Hakuna aliyeona faida ya kuziyeyusha, zikaendelea kupita mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 250. Huko Shapwick, Somerset, mwaka 1998 zilipatikana dinari 9,238 chini ya chumba cha nyumba ya Kirumi, fungu kubwa la dinari kuliko yote yaliyowahi kupatikana Uingereza. Za Antonio zilikuwa humo, zimelala pamoja na za Severus Alexander za mwaka 224. Magazeti yanapenda zaidi kutaja kwamba zilikuwamo mbili za Manlia Scantilla, mke wa Didius Julianus aliyetawala siku 66 tu mwaka 193. Ni adimu kweli. Lakini Manlia hanielezi mfuko wa mwenye mali ulijazwaje. Zile za Antonio zilizosuguliwa hadi merikebu ikabaki mistari miwili mitatu ya makasia, hizo zinanieleza.

Mezani kazi haina maajabu. Kila sarafu inapimwa uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha kipenyo, kisha mwelekeo wa mihuri: ukiigeuza kutoka upande wa kichwa, picha ya nyuma inasimama saa ngapi, sita au kumi na mbili? Halafu maandishi. Warumi walifupisha kila kitu na U wakaiandika V. TR P ni mamlaka ambayo Kaisari aliyapokea upya kila mwaka, hivyo namba yake inakupa mwaka. COS ni mara alizokuwa konsuli, na hapo Hadrian anakutesa: alikuwa konsuli mara ya tatu mwaka 119, hakurudia tena hadi alipokufa mwaka 138, kwa hiyo COS III peke yake inakuachia karibu miaka ishirini.

Wanawake hawakupewa vyeo vya namna hiyo. Julia Domna, mke wa Septimius Severus, ni DOMNA kwanza, kisha AVGVSTA kuanzia mwaka 196, kisha PIA FELIX baada ya mumewe kufa mwaka 211. Maandishi yakifutika inabaki mitindo ya nywele, na hapo msusi angenisaidia kuliko profesa. Balaa jingine ni makaisari Caracalla na Elagabalus, wote wawili wameandikwa ANTONINVS PIVS AVG. Neno IMP mbele, au nyota ndogo pembeni mwa picha ya nyuma, huelekeza kwa Elagabalus. Lakini mbele ya jina na pembeni mwa picha ndiko sarafu hupenda kumegeka. Nikikosa uhakika naandika wote wawili na kuendelea. Jibu la kubahatisha likishaingia kwenye kumbukumbu, mtafiti wa kesho atalihesabu kama ushahidi.

Bandia nazo zinaandikwa. Zipo zenye kiini cha shaba kilichovishwa ngozi nyembamba ya fedha, kazi ya waghushi wa zama zile zile, na mara nyingi mizani huzikamata kabla ya jicho. Aliyezifukia pengine hakujua, au alijua akanyamaza akingoja kumpitishia mwingine.

Kinachonichosha ni sarafu zinazofika zimeng'arishwa. Mtu amezisugua kwa dawa ya meno usiku kucha ili zipendeze, na pamoja na kutu ya kijani ameondoa uso wa fedha na nyuzi za kitambaa zilizokuwa zimeganda juu yake. Tope ni sehemu ya fungu. Dave Crisp alipogundua chungu huko Frome mwaka 2010 aliacha kuchimba akaita waakiolojia, nao wakakitoa tabaka kwa tabaka: sarafu zaidi ya 52,000, kilo 160 hivi, nyingi za fedha hafifu na shaba. Ilionekana kwamba sarafu za Carausius, mtawala wa mwisho humo, nyingi hazikuwa juu bali chini ya katikati. Chungu kilikuwa na kuta nyembamba mno kubeba uzito ule, hivyo kilitangulia kuwekwa shimoni, ndipo kikajazwa. Wale waliodhani ni akiba iliyokuwa ikiongezwa mwaka hadi mwaka walilazimika kufikiri upya. Kama Crisp angemimina kila kitu kwenye ndoo, swali lenyewe lisingezaliwa.

Sisi wa pwani tunalo fungu letu la fedha: Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako uchimbaji wa mwaka 1984 ulitoa vijisarafu zaidi ya 2,000 vya watawala wa huko huko, maneno ya upande mmoja yakifanya vina na ya upande wa pili, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi. Havihusiani na Rumi, ila navitaja kila mtu wa nyumbani anaponiuliza kwa nini nahangaika na pesa za wazungu waliokufa.

Huku Uingereza, Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inasema sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha, zenye umri wa angalau miaka 300 na zilizopatikana pamoja, ni hazina. Aliyezipata ana siku 14 kumjulisha afisa wa mahakama, yule yule anayechunguza vifo vya ghafla. Makumbusho ikizitaka, inalipa, na kwa kawaida aliyepata na mwenye shamba wanagawana. Lakini makumbusho nyingi hazina pesa. Huchukua chache, au huacha zote, na fungu lililokaa pamoja karne 18 linarudishwa kwa mwenyewe na kuuzwa moja moja. Yenye sura kali inapata mnunuzi siku hiyo hiyo. Zilizolainika zinaishia kwenye bakuli la dukani, bei moja kwa zote, na hakuna atakayejua tena zilitoka shamba gani. Kwa hiyo kabla hazijatoka mezani kwangu, kila moja inapigwa picha pande zote mbili na kuandikiwa ukurasa wake, hata kama maelezo yote ni haya: Marko Antonio, namba ya kikosi haisomeki, imechakaa sana, gramu 2.87.