Suti ya Mama na Kitenzi Kufumua

Kamusi zetu zina "fuma" ya kuunganisha nyuzi na "fuma" ya kupiga kwa mshale. Mimi nimelelewa na ile ya kwanza. Hapa Songea, Juni ikifika na baridi ikashuka kutoka milima ya Matogoro, asiye na sweta hujuta. Na nyumbani kwetu sweta haikununuliwa, ilifumwa. (Siku hizi nasikia vijana wakisema "kushona sweta", kana kwamba sindano zote ni moja.) Mama alijifunza kazi hiyo akiwa msichana, kwa watawa wa Kibenediktini wa Peramiho, kilomita 24 hivi kutoka mjini.

Kazi yake kubwa kuliko zote ni suti ya kike: sketi na koti la mikono mirefu, rangi ya kijivu, yenye milia ya kijani. Aliivaa kwanza mwaka 1982, siku ya kipaimara cha kaka yangu, nami nikiwa na miaka minne. Kisha ikalala sandukuni. Mwezi uliopita niliitoa nikakuta nondo wamenitangulia: kiwiko kimetobolewa matundu matatu. Nikakusudia kuitengeneza na kuitundika ukutani, ndani ya kioo. Sisi watu wa vitabu tuna ugonjwa huo wa kuhifadhi.

Mama alicheka. "Ifumue, mwanangu. Mjukuu wangu anatetemeka kila asubuhi akienda shule."

Nilikataa, tena kwa ukali usiomstahili mzazi. Ndipo aliponieleza nisilolijua umri wangu wote. Katika miaka ile ya uhaba baada ya vita vya Kagera, hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, seuze uzi wa sufu. Suti ile aliifuma kwa uzi wa sweta mbili za Baba, ya kijivu na ya kijani, alizozifumua mwaka mmoja baada ya kumzika.

"Zilikuwa zinaning'inia msumarini bila mtu ndani yake," alisema. "Nilichoka kuzitazama."

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Kauli ya kutendua naijua: funga, fungua; ziba, zibua; fuma, fumua. Ubaoni nilikiandika kila kitenzi na kinyume chake, mshale katikati, nikasonga mbele. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba kwa mfumaji hivyo viwili ni kazi moja.

Tuliketi barazani. Mama haoni vizuri tena, lakini vidole vyake vililipata fundo kabla ya macho yangu. "Anzia shingoni," aliniagiza. "Palipofungwa mwisho ndipo panapofunguka kwanza. Ukianzia pindoni utahangaika bure."

Uzi ukatoka safu baada ya safu, umejikunjakunja kama bado umeshika umbo la koti. Palipoliwa na nondo ulikatika, naye akauunga. Tuliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, tukaufua kwa maji ya uvuguvugu, tukautundika na jiwe dogo chini yake ili unyooke.

Sketi sijaigusa, wala Mama hajaiulizia. Sweta ya binti yangu imefika kwapani, na jana jioni tumeingia kwenye kijani.