Pampu za Mkono za Pwani ya Kusini

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni na kuishika barabara iendayo Lunga Lunga hupita katika nchi ya minazi, miembe na mikorosho. Upande wa magharibi vilima vya Shimba huonekana kwa mbali. Mgeni aonapo majani mabichi ya Tiwi, Ukunda na Msambweni aweza kudhani kwamba wenyeji hawana taabu ya maji. Lakini mvua ya masika na ya vuli huzama upesi katika mchanga na mawe ya matumbawe, na mwenye shamba hana budi kuyafuata maji chini ya ardhi.

Ndiyo sababu, katika njia nyembamba ziingiazo vijijini, pampu za mkono huonekana mara kwa mara. Akina mama hungoja zamu zao na madumu yao, mbuzi hunyweshwa kando, na miche ya mboga hupata sehemu yake jioni.

Pampu hizi zina historia. Katika mwaka 1983 ulianza katika Kwale mradi wa kujaribu pampu za mkono, chini ya Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Pampu nyingi za zamani zilikuwa na mabomba mazito ya chuma. Mpira mdogo wa ndani ulipochakaa, iliwapasa mafundi kuja na vyombo vyao na kuyatoa mabomba yote kisimani. Kijiji kilingoja, na maji ya karibu yakawa kama hayapo.

Ndipo pampu iitwayo Afridev, ambayo asili yake ilikuwa Malawi, ilipokomazwa hapa. Bomba lake ni la plastiki, wala halishiki kutu. Pistoni yake hutolewa pamoja na fito zake, na bomba likabaki mahali pake. Spana moja yatosha kwa karibu kazi yote. Shirika la KWAHO lilikaa na wanavijiji, kamati zikachaguliwa, na wanawake wakafundishwa kutengeneza pampu kwa mikono yao. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa kuwa anayeteka maji kila siku ndiye wa kwanza kutambua kwamba mkono wa pampu umekuwa mzito, au kwamba maji yamechelewa kutoka.

Hata hivyo, hakuna pampu iwezayo kujitunza. Mpira wa pistoni na bushi za mkono huliwa na kazi, na yafaa zibadilishwe kila mwaka, hata kama pampu bado yatoa maji. Bushi iliyochakaa ikiachwa, chuma husagana na chuma, na gharama ndogo hugeuka kuwa kubwa. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hasara haiishii katika fedha. Mama hurudi kwenye kisima cha mbali au kidimbwi kichafu, na miche ya mboga hukauka kabla fundi hajafika.

Mara nyingi kinachokosekana si ufundi bali ni mpango. Katika Kyuso, wilaya kavu ya Ukambani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio katika mwaka 2013. Walitia ndani ya mikono ya pampu chombo kidogo kilichopeleka kwa njia ya simu habari za matumizi ya pampu, na fundi alikuwa tayari kwenda pampu iliposimama. Muda wa kungoja matengenezo, ambao ulikuwa wastani wa siku 27, ulipungua hata chini ya siku 3. Pampu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na mtu mwenye wajibu wa kuja, na fedha za kumlipa. Baadaye utaratibu wa namna hiyo ulifikishwa Kwale pia.

Mkulima mwenye pampu, iwe ya mkono au ya injini, aweza kuiga jambo hilo bila chombo cha simu. Na aweke akiba kidogo kila mwezi kabla ya kuharibika kitu, anunue mpira na bushi mapema, na aandike katika daftari siku kila kipuri kilipotiwa. Sakafu ya saruji na isafishwe, na ng'ombe wazuiwe kwa ua. Kamati nayo na isomewe hesabu hadharani, maana watu huchanga kwa moyo mweupe wanapojua fedha zao zilikokwenda.