Tembea ujionee: Kutoka Kasongo mpaka Malindi

Wazee wetu husema, tembea ujionee. Sisi wana wa Kasongo na Kabambare tulienda Malindi, Kenya, kujifunza Kiitaliano, sababu kule Waitaliano ni wengi na kazi ya hoteli inataka lugha yao. Siku za kazi tulisoma, Jumapili tulitembea. Tuliona nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika pale mwaka 1498, kisha magofu ya Gede: msikiti na nyumba za mawe ndani ya msitu.

Kule Gede mzee mmoja alitusikia tukiongea, akacheka:

“Wajukuu zangu, Kiswahili hicho mmekitoa wapi?”

“Shikamoo babu. Ilitoka huku kwenu!”

Tukamweleza. Katika karne ya 19 kilikuja kwa miguu, kupitia Tabora na Ujiji, pamoja na misafara ya Tippu Tip na wenzake. Misafara hiyo ilituletea mpunga, kanzu na Uislamu. Ilirudi na pembe za ndovu, na watu wetu wamefungwa minyororo. Mzee akanyamaza. Halafu akatukaribisha wali kwake.

Basi ndugu, kanzu na wali wetu tuvitunze. Lakini watoto tusiwafiche namna vilivyofika.