Isale Haliishii Kwenye Simu

Mama mwenzangu, siku hizi ipo teknolojia iitwayo uhalisia ulioongezwa. Mtoto huelekeza kamera ya simu mahali fulani, na kwenye kioo huona kitu kisichokuwepo kimeongezwa hapo. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Moshi mjini aweza kuona msonge wa Kichagga umesimama uwanjani mwa shule, au mfongo ukishusha maji hadi kihambani. Naipokea kwa furaha, kwani baadhi ya watoto ninaowafundisha kanisani hawajui hata kihamba ni nini.

Lakini isale je? Kwenye simu ni jani tu. Kwetu, aliyekosa hupeleka isale kuomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Uzito huo hueleza bibi, si kamera. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliwauliza wazee, na mafunzo yao yakajaa vitabu 3 vya Kijerumani. Je, wajukuu wenyewe washindwe kuuliza?

Mimi ni muuguzi. Nawaona mabibi hao wodini wakituaga mmoja mmoja. Basi Desemba hii, tukipanda nyumbani, mtoto aje na simu yake. Ila kwanza aketi karibu na bibi, aulize, asikilize, ndipo arekodi.