Injini Yanguruma, Gari Haliendi

Ubovu wa gari ni wa namna mbili. Kuna ule unaokuja kwa kishindo: tairi limepasuka, mkanda umekatika, betri imekufa, na hata mpita njia aweza kukuambia shida iko wapi. Kuna na ule unaokuja kimyakimya, ukajificha kwa miezi, na unapojitokeza kila mtu ana hukumu yake. Kuteleza kwa giaboksi ya otomatiki ni ubovu wa namna hii ya pili. Dereva akanyaga mafuta, injini yanguruma, mshale wa mizunguko wapanda, lakini gari lenyewe lajikokota kama punda aliyechoka. Nguvu ipo, ila haifiki kwenye magurudumu.

Sisi wa rika langu tulijifunza udereva kwa Land Rover na malori ya Bedford. Tulijua klachi kwa mguu wa kushoto na gia kwa mkono, na klachi ilipokwisha tuliisikia chini ya unyayo. Magari ya otomatiki yalituzidi kwa wingi baadaye, pale masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na hasa meli zilipoanza kushusha magari yaliyokwisha tumika Japani. Leo ukisimama kando ya barabara yoyote ya mji wetu wa Iringa utaona kwamba mguu wa kushoto wa madereva wengi hauna kazi. Tumeyapokea magari hayo, tumeyapenda, lakini wengi wetu hatukupata mtu wa kutueleza yanavyofanya kazi. Na kitu usichokielewa hukufanya mtumwa wa yeyote anayedai kukielewa.

Kwangu mimi jambo hili halikuwa la kujifurahisha. Mke wangu alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, na mara mbili kwa wiki humpeleka kwenye mazoezi ya viungo. Tunakaa Ipogolo, bondeni karibu na Mto Ruaha Mdogo. Hospitali iko juu mjini, na kati yetu na mji kuna ule mlima ambao kila aliyewahi kusafiri kwenda Mbeya aujua. Bodaboda hawezi kupanda. Daladala hazina subira ya mtu anayetembelea fimbo. Bajaji hutusaidia siku mojamoja, lakini mkono wake wa kushoto hauna nguvu ya kujishikilia kwenye kona. Kwa hiyo Corolla yetu, iliyotengenezwa mwaka 1998, ndiyo miguu yake.

Basi gari hilo likaanza kuteleza, tena mlimani hapohapo. Nililipeleka gereji moja mjini. Fundi aliketi kwenye usukani, akaliendesha hatua chache uani, akashuka akifuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Mzee, giaboksi imekufa hiyo. Tafuta nyingine." Bei aliyoitaja, pamoja na ufundi, ilikaribia pensheni yangu ya miezi mitano. Nilipomweleza mke wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, basi mazoezi yangu tuyaache kwanza." Maneno hayo yaliniuma kuliko bei.

Jumamosi ile alikuja mjukuu wetu, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo cha VETA akisomea ufundi wa magari. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kumsalimu bibi yake chumbani, aliniuliza swali moja tu: "Babu, walipima oili?"

"Hawakufungua hata boneti," nikamjibu.

"Basi wamezika bila kupima."

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanzia, uani kwetu, chini ya mwembe. Lakini kabla sijaieleza, yafaa msomaji apate picha ya kile kilichomo ndani ya giaboksi hiyo, maana bila picha hiyo kupima hakuna maana.

Chukua mapanka mawili ya umeme uyaelekezanishe. Liwashe moja tu. Upepo wa lile linalozunguka utalizungusha na la pili, ingawa hayakugusana. Hivyo ndivyo injini inavyoungana na giaboksi ya otomatiki, isipokuwa badala ya upepo kuna oili, na mapanka yamefungwa ndani ya chombo kimoja cha mviringo kama chungu kilichofunikwa. Aliyevumbua ungo huo ni mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Yeye alikuwa akifikiria meli, wala si magari. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ikaanza kutengeneza giaboksi ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic kwa ajili ya magari ya Oldsmobile, na tangu hapo mambo yakaenea duniani.

Nyuma ya chungu hicho kuna seti za gia, na kuna mafungu ya pleti nyembamba zilizopangwa kama sahani kabatini: moja ya chuma, moja yenye utando wa kukamatia, moja ya chuma, na kuendelea. Pampu husukuma oili kwa nguvu, oili hiyo huzibana pleti, pleti zikishikana gia huingia. Kumbe basi oili hii si ya kulainisha tu kama ile ya injini. Ndiyo inayopitisha nguvu, ndiyo inayobana, ndiyo inayopooza joto. Ikipungua, pampu huanza kuvuta hewa, mbano hulegea, pleti huteleza badala ya kushikana. Kuteleza huleta joto, joto huunguza utando, na utando ukiungua pleti huteleza zaidi. Ubovu hujilisha wenyewe. Kwa sababu hiyo gari linaloteleza halifai kuendeshwa kwa kuvumiliwa, eti "litafika tu".

Jambo la kwanza mjukuu wangu alilotaka kujua ni kama kweli tatizo ni la giaboksi. Injini iliyochoka nayo hushindwa mlima, lakini hapo mshale wa mizunguko haupandi. Gari na injini huzubaa pamoja. Mlimani mshale wetu ulikuwa ukiruka juu huku mwendo ukibaki palepale. Hiyo ilikuwa dalili ya kuteleza.

La pili lilikuwa kipimo. Tuliliendesha gari taratibu kwenye barabara tambarare mpaka giaboksi ikapata joto lake, tukaliegesha mahali palipo sawa, injini ikiachwa inanguruma polepole. Breki ikiwa imekanyagwa, mkono wa gia ulipitishwa kila nafasi, pole kwa pole, kisha ukarudishwa kwenye P. Ndipo tukachomoa dipstiki, yaani kile kijiti cha kupimia oili, tukaifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, tukairudisha na kuichomoa tena. Hivi ndivyo Toyota ya umri huu inavyopimwa. Kuna magari mengine, kama Honda, ambayo hupimwa injini ikiwa imezimwa, na mengi ya siku hizi hayana kijiti kabisa. Kitabu cha gari ndicho msemaji wa mwisho. Kwetu sisi oili haikufikia hata alama ya chini.

La tatu lilikuwa rangi na harufu. Mjukuu wangu alidondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ya daftari. Oili mpya ya giaboksi hutiwa rangi nyekundu ili isichanganywe na nyingine. Ikizeeka huwa ya kahawia. Ikiwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungulia sufuriani, pleti zimeungua. Ikiwa ya uwaridi kama maziwa yaliyotiwa sharubati, maji ya rejeta yameingia. Tone letu lilikuwa kahawia iliyokolea, lakini halikunuka kuungua. Nilimwona kijana akitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

La nne lilikuwa kuuliza oili imekwenda wapi, kwa kuwa oili hii haichomwi kama petroli, ikipungua, imevuja. Tulitandika maboksi ya karatasi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi tulikuta madoa upande wa mbele, chini ya rejeta. Mpira mmoja kati ya ile miwili inayopeleka oili kupozwa ulikuwa umekakamaa na kupasuka penye kibano. Ufa wenyewe haukuzidi ukucha wa kidole kidogo. Nilimtazama yule fundi wa mjini kwa macho ya moyoni, nikakumbuka kwamba wahenga walishasema juu ya ufa na ukuta.

Hata hivyo kijana hakukubali tuongeze oili na kushangilia. "Babu, lazima tuone chini ya sampu," alisema. Tuliliinua gari kwa jeki, kisha likakalishwa juu ya stendi za chuma alizoazima. Hapo alikuwa mkali kweli: mtu haingii chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, wala haliwekwi juu ya tofali, kwa kuwa tofali hupasuka bila kuaga. Tulisubiri oili ipoe, tukaimwaga kwenye beseni na kuipima. Hii ilikuwa muhimu, maana kiasi kilichotoka pamoja na kilichopungua ndicho kinachorudi. Sampu iliposhuka tulitazama zile sumaku ndogo zilizomo. Zilikuwa na tope laini la kijivu kama majivu, ambalo ni uchakavu wa kawaida. Vingekuwemo vipande vya chuma, tungefunika na kukubali hukumu ya gereji. Tukasafisha filta yake ya wavu, tukaweka gasketi mpya, bolti zikakazwa kwa zamu na kwa kiasi, kwani sampu ni bati na hupinda. Tukafunga mpira mpya na vibano vipya, tukatia oili ya aina iliyoandikwa kwenye dipstiki, kidogo kidogo, tukipima kila mara. Kuzidisha nako ni ubovu: oili hutoka povu, na povu halibani kitu.

Tulipopanda mlima na mjukuu wangu jioni ile, mshale ulipanda na gari likapanda nalo. Hatukusema neno mpaka juu. Jumanne iliyofuata mke wangu alikwenda kwenye mazoezi yake. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya oili ya zamani hubaki ndani ya kile chungu, tulimwaga na kujaza tena baada ya kilomita elfu moja hivi. Gharama yote haikufikia pensheni ya mwezi mmoja.

Sitaki msomaji aelewe kwamba kila giaboksi inayoteleza hupona chini ya mwembe. Utando wa pleti ukiungua hauoti tena. Mpira wa ndani ukichakaa, au solenoidi ikifa, kazi hiyo ina mafundi wake, meza safi na vipimo vya mbano, na mtu wa nyumbani akiifungua atatawanya vijidude asivyoweza kuvirudisha. Wala zile chupa zinazouzwa kama dawa ya giaboksi haziwezi kuziba mpira uliopasuka. Gari letu lenyewe si jipya; asubuhi za baridi ya Juni na Julai nasikia gia ya pili ikisitasita kidogo kabla ya kuingia, nami naiacha ipate joto kabla ya kuitwisha mlima. Tumeongeza muda. Kwa wenye umri wetu, kuongeza muda si jambo dogo.

Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza tulikuwa na desturi moja. Mwanachuo aliyerudi kutoka mazoezi ya kufundisha akiandika kwamba mtoto fulani ni mzito wa kuelewa, alirudishiwa karatasi yake na maswali. Mtoto anaona ubaoni? Anasikia? Anakula asubuhi? Anatembea umbali gani? Ni baada ya maswali hayo tu neno "mzito" liliruhusiwa kuandikwa, na mara nyingi halikuandikwa tena. Maswali hayo hayakuhitaji elimu kubwa. Yalihitaji mpangilio tu: jepesi kwanza, zito baadaye; lisilo na gharama kabla ya lenye gharama.

Siku hizi vitu ni vingi na kubadilisha kumekuwa rahisi kuliko kupima. Fundi hubadilisha, kwa sababu kubadilisha kuna faida yake. Mwenye mali hukubali, kwa sababu anaona haya kuuliza. Lakini kuuliza si ujinga, wala si kumdharau fundi. Fundi mwema hufurahi akiulizwa, na asiyetaka kuulizwa amekwisha kukujibu. Ukiambiwa kitu chako kimekufa, omba uoneshwe kipimo. Kama hakuna kipimo, bado hakijafa, kimetajwa tu.