Siku za Mwisho wa Masomo Mjini Lubumbashi

Anayetaka kuujua mji wa Lubumbashi na afike wakati wa kiangazi, mwezi wa sita unapokaribia kwisha. Mvua zimekoma, majani yamekauka, vumbi jekundu limetua juu ya mabati, na alfajiri baridi huuma hata wazee hukaa mlangoni wamejifunika mablanketi. Mji umesimama juu ya uwanda wenye urefu wa mita 1,200 hivi, na mgeni atokaye Kinshasa hustaajabu kuona kwamba katika Kongo pia watu huvaa sweta.

Tulitembea siku hizo katika mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo ili tuone namna watoto wetu wanavyoumaliza mwaka. Jua halijapanda, nao wamekwisha kujaa njiani, shati jeupe, suruali au sketi ya buluu. Wale wa mwaka wa mwisho hutambulikana upesi: hawabebi mifuko mizito tena, wana kalamu na rula tu mkononi, nao hawacheki sana.

Hao waenda kwenye Mtihani wa Serikali. Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1967, na tangu hapo mtoto wa Kasenga na mtoto wa Kinshasa huulizwa kwa pamoja, siku zile zile. Kwanza huandika insha na kujibu Kifaransa kwa mdomo. Baadaye hufuata siku nne: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya tawi alilolichagua kila mmoja. Apataye alama 50 kwa mia amefaulu. Kisha ni kungoja, na kungoja huko kwatesa kuliko mtihani wenyewe. Siku matokeo yanapotokea, mji mzima hujua bila kuambiwa: simu zalia, magari yapiga honi, na aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka mama yake mwenyewe asimtambue. Mtu asiyezoea desturi hiyo angedhani wamevamiwa na wachuuzi wa unga.

Tulipopita katikati ya mji tuliyaangalia majina ya shule. Imara. Salama. Tuendelee. Ni maneno ambayo bibi asiyepata kuingia darasani huyaelewa mara moja. Majina hayo yalikuja katika miaka ya 1970, serikali ilipoondoa majina ya watakatifu. Imara ndiyo ile iliyoitwa Saint-François de Sales, shule ya Mapadri wa Don Bosco. Mapadri hao walifika hapa mwaka 1911, mji ulipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu ukiitwa Elisabethville, na mwaka 1912 wakaanza kufundisha watoto wa Wazungu. Watoto wetu walingoja miaka mingi kabla ya kukalia mabenchi yale. Mwisho wa mwaka 1974 shule za misioni zilichukuliwa na serikali. Tarehe 26 Februari 1977 mapatano yakatiwa sahihi, zikarudi mikononi mwa Kanisa ili kuongozwa nalo. Jina la mtakatifu likarudi pia, lakini watu wa mji wangali wakisema Imara.

Aliyefaulu ataenda wapi? Wengi hukunyoshea kidole upande wa Kasapa, uliko Chuo Kikuu. Kilifungua milango mwaka 1956, na mwaka 1981 kikapata tena uhuru wake baada ya miaka kumi ya kuunganishwa na vyuo vya Kinshasa na Kisangani. Huko hufundishwa uganga wa watu na uganga wa wanyama, sheria, uinjinia na mengine mengi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 utaratibu umebadilika: lisansi, iliyokuwa ikihitaji miaka mitano, sasa ni ya miaka mitatu katika masomo mengi. Na wenye alama za juu sana wasikate tamaa kwa kukosa fedha. Upo msaada uitwao BEBUC, ulioanzishwa na mwalimu Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na wenzake Wakongo, kwa ajili ya vijana hodari wa vyuo vyetu.

Hayo ni mema. Lakini tuseme wazi jambo lililotusumbua njia nzima. Katika nchi hii ya shaba na kobalti, ambako kila mtambo unahitaji fundi wa umeme, fundi wa kuunga vyuma na fundi wa mashine, wazazi wengi bado huona aibu mtoto wao akirudi nyumbani na mafuta mikononi. Hupenda avae tai, hata kama tai hiyo itakaa miaka sita bila kazi. Mapadri wa Don Bosco walikuwa na shule ya ufundi Kafubu, nje kidogo ya mji, tangu miaka ya 1920, na Salama yafundisha mitambo na umeme hadi leo. Milango hiyo haifunguliwi na Mtihani wa Serikali. Hufunguliwa mapema zaidi, mtoto anapomaliza mwaka wa nane wa masomo na kuchagua tawi lake. Na mara nyingi wakati huo hakuna anayemwuliza.

Tuliliona hilo kwa macho yetu katika shule moja ya misioni, siku ya kutangaza matokeo. Wazazi walikuwa wameketi uani, Padri Mkuu akisoma majina kuanzia wa kwanza, na kila jina lilipigiwa vigelegele. Msichana mmoja wa mwaka wa nane alipata 71 kwa mia, akawa wa tatu. Mama yake, muuza makaa sokoni, alicheza kidogo mahali pake. Lakini bahasha zilipogawanywa, yake haikutoka: ada ya miezi mitatu ilikuwa haijalipwa. Shule za msingi za serikali zimekuwa bure tangu mwezi wa tisa 2019. Sekondari mzazi bado analipa, na shule isiyolipwa haina chaki wala mshahara wa kutosha. Twalielewa hilo. Hata hivyo ni vigumu kumtazama mtoto aliyeshinda akirudi mikono mitupu.

Baba mdogo wa msichana akasema, «Amesoma vya kutosha. Tumtafutie mashine ya kushona, akae.»

Mama hakujibu. Alimgeukia binti, akamwuliza, «Wewe unataka nini?»

Binti akainamisha macho. «Nataka umeme, Mama.»

Watu walicheka, wakidhani anasema habari za taa zinazozimika kila usiku mtaani. Padri peke yake hakucheka. Akamwita mama pembeni, wakazungumza muda mrefu, tulisikia tu maneno ya mwisho: «Lipa mwezi mmoja sasa, mwingine mwezi wa nane. Karatasi ya alama uichukue leo, maana bila hiyo hawatamwandikisha.»

Kesho yake asubuhi tuliwakuta wote wawili kwenye kituo cha basi, mama na kitambaa chake cha siku ya Jumapili, binti na bahasha ameibana kwapani kwa sababu ya upepo. Walikuwa wakienda kuuliza siku ya mtihani wa kuingia. Baba mdogo alikuwa nyuma yao, amekuja pia, akilalamika juu ya nauli.