Barza za Kalemie

Likizo ya kiangazi tulisafiri hadi Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Mji huo uliitwa Albertville hadi 1966. Reli ilipofika mwaka 1915, Wabelgiji walijenga nyumba zao kilimani, zikiangalia ziwa, na barza pana ya kupokea upepo. Neno hilo ni letu: baraza.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia nyumba za chini. Tulikuta mama mmoja akijenga tena palepale. Alituambia kilimani hakuna kiwanja cha bei yake.

Tulinyamaza. Hata hapa Kasumbalesa, mbele ya kununua kiwanja, tuulize kwanza: mvua ikinyesha, maji yanapita wapi?